Siku ya ngapi leo, dokta?

Juzi nimepata ujumbe wa muuguzi kijana, ana miezi mitatu tu ICU ya watoto, yaani wodi ya mahututi. Anauliza: "Dada, mtoto yuko siku ya tisa ya meropenemu, majibu ya kuotesha damu yametoka hayana kitu, ila kwenye raundi naogopa kufungua mdomo. Nifanyeje?" Meropenemu ni antibiotiki kali, na kuotesha damu ni kuiweka kwenye chupa maalumu kuona kama ina bakteria. Mdogo wangu, umenitonesha kidonda.

Mwaka wangu wa kwanza ICU tulipokea mtoto wa miezi minane, ana homa, degedege, amelegea kabisa. Tukamwanzishia dawa kali kuliko zote zilizokuwemo kabatini. Damu ya kuotesha ikachukuliwa jioni, baada ya dozi mbili, na aliyeichukua ni mimi. Ikarudi haina kitu. Haina kitu kwa sababu hakuna bakteria, au kwa sababu dawa ilishawazima wasiote kwenye chupa? Hakuna aliyeweza kusema, kwa hiyo tukaendelea tu. Siku ya saba, ya kumi. Mtoto akaanza kuharisha, mdomo ukajaa utando mweupe wa fangasi. Siku ya 11 nikauliza kwenye raundi, bado tunampa kwa sababu gani? Daktari akanigeukia: "Sista, umehamia famasia lini?"

Wakacheka wote. Nami nikacheka, halafu nikaenda kulia kwenye stoo ya mashuka. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Swali langu halijajibiwa mpaka leo.

Sikugombana na mtu. Nilichukua plasta na kalamu ya maka, nikaanza kubandika juu ya kila kitanda: dawa gani, siku ya ngapi, damu ilichukuliwa kabla ya dozi au baada. Mwanzoni zilibanduliwa. Nikabandika tena, zikabanduliwa, nikabandika. Mwezi uliopita daktari bingwa aliye mgeni kwetu akasimama kitanda namba nne akauliza, "Plasta ya huyu iko wapi?" Sifichi, siku ile nilitembea wodini kama bibi harusi.

Kwa hiyo wewe na wenzako mnaotaka wodi zenu zibadilike, anzeni na damu. Ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Simaanishi mtoto asubirishwe: aliye kwenye mshtuko wa sepsisi, yaani maambukizi yamemzidi hadi damu haizunguki vizuri, anatakiwa apate dawa ndani ya saa moja, miongozo ya kimataifa ya 2020 inasema hivyo. Lakini mshipa ukishapatikana wa kuwekea kanula, kujaza chupa ni dakika ngapi? Damu kwanza, nasema tena. Zikifika saa 48, bakteria wengi wa kweli wanakuwa wameshaota, na hapo ndipo pa kuuliza: tunaacha, tunashuka kwenye antibiotiki za kawaida kama ampisilini na jentamaisini, au tunaendelea, na kwa sababu gani? WHO iliyagawa madawa haya makundi matatu tangu 2017, na meropenemu haimo kwenye kundi la kutumia kila siku. Si dawa ya kumtuliza daktari mwenye wasiwasi.

Maana ukweli ndio huo, tunaogopa kuacha kuliko tunavyoogopa kuendelea. Mtoto akizidiwa baada ya dawa kusimamishwa, kuna jina la kulaumiwa kwenye faili. Mwenzake wa kitanda cha jirani akifa mwezi ujao kwa Klebsiella, bakteria aliyezoea dawa zetu hadi hasikii yoyote, faili lake halina jina la mtu. Mwaka 2019 pekee usugu huu wa bakteria kwa dawa ulikadiriwa kuua watu milioni 1.27 duniani, na mmoja kati ya kila watano alikuwa mtoto chini ya miaka mitano. Jamani, hao ndio wagonjwa wetu! Tukinyamaza sisi tunaochoma sindano zenyewe, nani aseme?

Kesho, mdogo wangu, ukiona raundi inakutisha, usihutubie. Uliza tu, "Siku ya ngapi leo, dokta?" halafu nyamaza, umwache ahesabu mwenyewe. Plasta nunua yako. Ya wodini huwa imeisha.