Sauti kuchelewa kwenye saundiba ya Bluetooth

Mkuu uliyetuuliza kutoka Njiro kwa nini saundiba yako (ile spika ndefu ya TV) inachelewesha sauti, midomo kutangulia halafu sauti kufuata ni tabia ya Bluetooth, saundiba yako haijaharibika. TV inabana sauti na kuituma, saundiba inaifungua na kuishikilia kidogo kabla ya kuitoa. Hapo unaweza kupoteza milisekunde 150 hadi 250. Kwenye muziki hutagundua, ila mtangazaji wa habari unamuona kabisa.

Kwanza, kwenye TV tafuta sehemu ya kuchelewesha sauti uishushe hadi 0. Wengi wanaongeza namba wakidhani wanarekebisha, kumbe TV nyingi hapo zinazidi kuichelewesha.

Dawa yenyewe ni waya wa HDMI, mita 2 zinatosha kama saundiba iko chini ya TV. Upande wa TV chomeka kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC, yaani lile la HDMI linalotoa sauti ya TV kwenda kwenye saundiba, siyo lolote utakaloliona, na kwenye saundiba vilevile. Kwenye mipangilio ya TV washa CEC, inayofanya vifaa vya HDMI viwasiliane. Ikigoma kutoa sauti, badili mfumo wa sauti wa TV uwe PCM, yaani sauti isiyobanwa. TV ya zamani isiyo na ARC, tumia waya wa optiko, ule unaopitisha sauti kwa mwanga.

Sabufa na spika za nyuma ziache bila waya, hazitumii Bluetooth ya TV. Ila mara nyingi kila moja inataka soketi yake ya umeme, hilo wauzaji hawalisemi. Zikikatakata, sogeza ruta ya Wi-Fi angalau mita 1 mbali nazo. Kuta za tofali nene nazo zinakula mawimbi, hasa ya 5 GHz.