Eileen Chang baada ya kuhamia Marekani

Je, mwandishi Mchina Eileen Chang aligeukia kuandika maisha ya Marekani alipohamia huko 1955? Hapana. Alizidi kurudi Shanghai ya ujana wake, tena mara nyingi kwa kuandika upya hadithi ileile. Linganisha riwaya yake The Rouge of the North (1967), aliyoiandika kwa Kiingereza, na hadithi ya 1943 iliyoizaa. Kwenye ile ya zamani mjane amekonda hadi bangili ya jade inapanda kwapani, na anamharibia bintiye maisha. Kwenye riwaya binti hayupo kabisa. Ukatili umepungua, imebaki huzuni ya polepole, na kwangu hiyo inauma zaidi. Ila The Rice-Sprout Song, riwaya yake nyingine, ya njaa vijijini China, aliiandika Hong Kong kabla hajavuka.