Muulize Fundi: Barua ipo kwenye kompyuta ila haionekani

SUALI: Assalamu aleikum kaka fundi. Nna duka la kuchapa na fotokopi hapa Wete. Watu wanachapa barua za kazi, mikataba ya nyumba, maombi ya skuli, mwaka ukipita mtu anarudi anataka ile ile abadilishiwe tarehe tu. Najua ninayo, mashine ina Windows 10 na kazi zote ziko diski ya D, lakini faili nimeziita barua1, barua2, barua mpya, sasa nikiandika jina la mteja pale pa kutafutia inazunguka mpaka mteja anaondoka. Niweke programu gani, na iwe ya bure?

JAWABU: Waaleikum salaam dada yangu. Kuna programu zinazotafuta jina la faili na kuna zinazotafuta maneno yaliyomo ndani, wengi wanashusha ya kwanza na shida yao ni ya pili. Everything ya voidtools ni ya bure na kwa majina sijaona ya kuifikia, haipekui folda moja moja, inasoma ile orodha kuu ambayo diski ya NTFS (mpangilio wa kawaida wa diski za Windows) inajiwekea yenyewe, wenyewe wanasema Windows 10 mpya yenye faili kama 120,000 inaorodheshwa kwa sekunde moja hivi. Lakini jina la mteja wako limo ndani ya barua, kwa hiyo kasi utaiona na barua hutoipata.

Windows nayo inaweza kutafuta ndani, ila kwa kawaida indeksi yake, yaani orodha ya maneno iliyokwishasomwa mapema, inachukua Documents, Desktop na Pictures, D haimo, ndo maana inazunguka. Anza hapo kabla hujamaliza bando: fungua Indexing Options, bonyeza Modify, tia tiki folda yako ya D, iache mashine usiku umeme ukiwepo. Ikiwa bado hujaridhika chukua DocFetcher, bure pia, inasoma Word, Excel na PDF, inajenga indeksi ya folda unazoichagulia tu halafu ukiuliza inajibu hapo hapo na kukuonesha maandishi yenye neno lako. Kwa duka lako mie ningeweka hii.

Sasa sikiliza hili maana ndo linalotukwamisha sisi tunaoandika Kiswahili. Programu hizi nyingi zinajua mambo ya Kiingereza, hazijui kwamba amekodi, nimemkodisha na ukodishaji ni ukoo mmoja, neno letu linabadilika mbele na nyuma, ukiandika kodisha kwenye DocFetcher inaleta kodisha peke yake na mkataba ulioandikwa “nimemkodisha” unabaki umejificha. Tia nyota pande zote mbili, *kodi*, itachelewa kidogo lakini italeta wote. Au tafuta kisichobadilika: jina la mteja, shehia, namba ya kiwanja. Na jina jaribu kila namna, huyu kaandika Khamis yule Hamis, Othman na Uthman, kompyuta inaona watu wawili.

Zile karatasi ulizoskani ni picha, hata PDF yake ni picha, hakuna herufi za kutafuta mpaka upitishe programu ya kusoma maandishi kwenye picha. Tesseract ni ya bure na ina data ya Kiswahili, ila inataka uvumilivu kuiweka, kwa sasa hizo zipe jina la mteja na mwaka tu, Everything itazipata.

Na tafadhali dada, indeksi imebeba maneno ya barua za watu, mishahara, talaka, namba za vitambulisho. Weka paswedi, na kijana anaekusaidia fotokopi mfungulie akaunti yake mbali. Mteja akikwambia futa, futa faili halafu isasishe indeksi, maana maneno yake yanaweza kubaki humo.

SUALI: Fundi, zamani nikitumia Google Desktop, wapi naipata? Msomaji, Mkunazini.

JAWABU: Ile programu ya kutafutia faili kwenye kompyuta Google waliiacha Septemba 2011. Ukiikuta mahali leo ni ya kale, haina anaeitengeneza, na hujui aliyeiweka pale kaitia nini ndani, usiishushe. Ulichokuwa ukikipata humo DocFetcher inakupa kwa faili za Word na PDF, na ichukue kwenye tovuti yao wenyewe, sio kwenye flashi ya mtu.