Vidonge siyo njia pekee ya kumtuliza mzee

Si kweli kwamba mzee mwenye demensia (ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na fikra) hatulii bila vidonge. Tena dawa za magonjwa ya akili wanazopewa kwenye makao ya wazee ndizo za kuogopa: tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani inaonya kwamba zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wa aina hiyo.

Kilichopimwa vizuri ni kukaa na mtu tu. Uingereza kulikuwa na utafiti unaoitwa WHELD, makao 69, matokeo yakatoka 2018. Wahudumu walifundishwa kumjua mzee: alikuwa nani, anapenda nini, nini kinamuudhi. Kisha wakalenga saa moja kwa wiki ya kufanya naye jambo analolipenda. Fadhaa ya wazee ilipungua na maisha yao yakawa bora. Kama alikuwa fundi cherehani, mpe vitambaa avishike, avikunje, akusimulie.

Muziki nao unasaidia, hasa kwenye huzuni, ila uwe ule wa ujana wake, siyo redio inayopiga kelele ukumbini kutwa nzima.

Angalizo: akianza ghafla kufoka au kurusha mikono, kwanza aangaliwe kama ana maumivu, maambukizi ya mkojo, choo kigumu, au pengine kifaa chake cha kusikia kimeisha betri (hutokea mno). Na dawa anazotumia tayari msizikatishe wenyewe, daktari ndiye azipunguze kidogo kidogo.