Mkate unaungua, jibini haijayeyuka

Mkuu, umeuliza kuhusu sandwichi ya jibini ya kukaanga: mkate wako unaungua na jibini ndani inabaki ngumu kwa sababu moto ni mkali. Mimi hapa Tabora natumia jiko la mkaa: nasubiri makaa yashike majivu, natoa machache, ndipo nabandika kikaango. Jibini usikate mapande, ikwangue kwa kile cha kukwangulia karoti. Tumia jibini aina ya cheda kwa ladha, na ya mozarela kidogo ili ivutike. Siagi paka nje ya slesi, mpaka kwenye kingo kabisa. Funika dakika 3 hivi, geuza, funika tena. Jibini ikianza kuchuruzika pembeni na kuchachatika, epua. Halafu, tafadhali sana, sandwichi ikiwa bado ya moto, idondoshee asali yetu ya misitu ya miombo. Ile chumvi ya jibini na asali vinapatana ajabu!