"Disclose" haikuulizi siri yako

Mleta mada, umesema fomu ya kazi imekuandikia "disclose any relationship with our employees", ukafungua kamusi ukakuta "fichua", ukajiona kama unatuhumiwa, maana shemeji yako anafanya kazi pale na hakuna anayeficha. Umeuliza pia kama "disclose" na "reveal" ni kitu kimoja. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu neno hili liliiumiza familia yangu.

Shangazi yangu alikuwa na meza ya vitenge Kariakoo. Alipokopa hela ya kuongeza mzigo, alipewa na fomu ya bima ya mkopo, yote Kiingereza. Kipengele kimoja kilimtaka mkopaji ataje maradhi aliyonayo, na kitenzi kilikuwa hicho hicho chako. Kijana wa kaunta akamtafsiria: "Hapa mama wanauliza kama kuna ugonjwa unaouficha." Shangazi akamjibu kwa moyo mweupe, "Mwanangu, mimi sifichi kitu." Akasaini. Sasa presha alikuwa nayo miaka mingi, na mtaa mzima kule Temeke ulijua. Vidonge vyake vilikaa juu ya friji sebuleni, kila mgeni aliviona. Kwake hiyo haikuwa siri, na alikuwa mkweli kabisa.

Mwaka uliofuata alipata kiharusi akafariki. Bima ikagoma kulipa deni, barua ikataja "failure to disclose". Mimi ndiye niliyepewa niwasomee wazee pale msibani. Binamu yangu akauliza, "Alificha nini?" Hakuficha chochote. Hakusema tu, na "disclose" ilikuwa inamtaka aseme.

Ndipo nikaanza kulichimba neno lenyewe. Asili yake ni Kilatini "claudere", yaani kufunga, likapitia Kifaransa cha zamani. Ile "dis-" ya mwanzo inageuza kitendo kinyume. Sisi kazi hiyo tunaifanya mwishoni mwa kitenzi: funga, fungua, fumba, fumbua, funika, funua, ficha, fichua. Kwa mzizi wake basi, "disclose" ni ndugu wa fungua. "Reveal" imetoka kwenye "velum", pazia, kwa hiyo inakaa karibu na funua. Kitabu cha mwisho cha Biblia kwa Kiingereza ni Revelation, na waliotafsiri kwetu wakaandika Ufunuo. Walipatia sana.

Kwenye matumizi, tofauti kubwa ni deni. Anaye-disclose anayo taarifa mkononi, na anampa mtu anayestahili kuijua, mara nyingi kwa sababu sheria au mkataba unamdai. Iwe siri au isiwe siri, deni liko palepale. Kwenye bima wazo hili ni la zamani: jaji wa Kiingereza, Lord Mansfield, alilieleza London katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm mwaka 1766, kwamba mtoa bima hawezi kupima hatari asiyoijua, hivyo anayekata bima ndiye anayepaswa kumweleza mambo yanayoihusu. "Reveal" haina deni hilo, na hata kisicho mtu kinaweza ku-reveal: "the X-ray revealed a fracture", picha ilionyesha mfupa umevunjika. Hapo "revealed" ndiyo iliyozoeleka zaidi kuliko "disclosed".

"Divulge" ni kutoboa siri, na mara nyingi utaikuta kwenye kukataa: "she refused to divulge the name". "Expose" ni kuanika au kumuumbua mtu. Fichua yetu, kwa masikio yangu, inaegemea zaidi huku, maana ukisikia polisi wamefichua jambo, unajua kuna mtu alikuwa anatenda maovu gizani. Ndiyo maana neno lile la kamusi lilikuchoma. Mimi nikitafsiri fomu siku hizi naandika "taja" au "toa taarifa", na fichua nawaachia polisi.

Kosa moja tunalifanya sana mjini hapa: "disclose about". Linatoka kwenye "eleza kuhusu" iliyoko vichwani mwetu. Kiingereza kinasema "disclose something to someone", basi, bila "about". Na ukilitamka, mwishoni ni sauti ya z, si s.

Kwa hiyo swali la fomu yako ni jepesi: kuna ndugu yako yeyote anayefanya kazi hapa? Hakuna anayesema ni kosa kuwa naye. Mwandike shemeji jina lake kamili, idara yake na undugu wenu, hata kama meneja mwenyewe mnakutana naye kila Ijumaa msikitini na anawajua nyote wawili. Halafu piga fomu picha ubaki na nakala.