Toa Pasi Inayopokeleka: Kikapu, Watoto na Kalamu

Mimi ni mfupi. Nikisema nacheza kikapu watu hunitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, safari isiyochukua muda, kisha wananiuliza habari za Hasheem Thabeet utadhani ni binamu yangu. Hasheem ana mita 2.21. Alitokea hapa Dar es Salaam na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa chaguo la pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Watu wa kimo chake kazi yao iko chini ya ringi. Wa kimo changu tunakaa mbali nayo, tunawapelekea mpira. Uwanjani mimi ni namba moja, mtoa pasi, tangu sekondari. Sasa nina watoto wawili, na usiku wakishalala naandika hadithi fupi. Nikiombwa ushauri wa malezi au wa uandishi, mara nyingi najikuta naongea habari za pasi.

Mchezo wenyewe ulianzia hapo. James Naismith alipoutunga Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts, alitundika makapu mawili ya kuwekea fyulisi na kuandika kanuni 13. Mojawapo ilikataza kukimbia na mpira: ulipoudakia, hapo hapo uutupie. Kudundadunda hakukuwemo, kulikuja baadaye. Mchezaji wa kwanza wa kikapu alikuwa na mambo mawili tu ya kufanya, kutupa kikapuni au kumtafuta mwenzake. Siku hizi tunapenda kudunda. Chenga ndiyo inayoshangiliwa, na vijana wengi ninaowaona wanajua kupitisha mpira katikati ya miguu kabla hawajajua kumpa mwenzao kifuani.

Kocha wangu wa sekondari alikuwa na sheria moja ambayo tuliichukia: pasi ikipotea, kosa ni la aliyeitoa. Hata kama mwenzako alikuwa amegeuka. Hata kama alikuwa anavuta soksi. "Umeona hatazami, umetupa ya nini?" Ukiipeleka sheria hiyo mahakamani nadhani itashindwa, kwa sababu wako wadakaji wazembe kweli kweli. Lakini kama kanuni ya mazoezi sijaona inayoishinda, maana inakunyima kisingizio. Inakulazimisha umtazame mtu kabla ya kutupa.

Ukimtazama unaona nini? Chukua mwenzangu anayecheza chini ya ringi. Amempa mgongo mkabaji, magoti yamekunjwa, mkono mmoja umemzuia mtu nyuma yake na mwingine umenyooshwa wazi, vidole vimetanuka. Mkono ule ulionyooshwa, ulio mbali na mkabaji, ndio anwani. Mpira ukienda kwa mkono wa pili, umeibwa. Ukienda magotini, atainama, na akiinama nafasi imekufa. Ukienda kwa nguvu za mtu aliyekasirika, utamvunja kidole. Mkabaji akiwa ameinua mikono, pasi ya kifua haipiti. Unadundisha chini, na mdundo ugonge sakafu mbele zaidi ya katikati, kama theluthi mbili ya safari, ili umfikie kiunoni. Ikiwa anakimbia, usimtupie alipo. Tupa pale atakapofika. Yote haya yanaamuliwa na mpokeaji: mkono wake, mwendo wake, anayemkaba. Ufundi wako wewe unaingia baadaye.

Sasa nyumbani. Sisi wazazi tuna mpira mzuri sana mikononi. Tunajua mengi na karibu yote ni kweli: soma, chagua marafiki, simu itakumaliza. Halafu tunautupa saa kumi na moja jioni, mtoto ndiyo kwanza anavua viatu, njaa inamuuma, mdogo wake anasikiliza, na shangazi yupo sebuleni. Mpira unamgonga usoni, nasi tunalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawashauriki.

Binti yangu ana miaka kumi na tatu. Mwaka huu alirudi na karatasi ya hesabu yenye alama ambazo sitazitaja, maana yeye naye anasoma ninayoandika. Jioni ile sikusema kitu. Jumamosi tulikuwa tunachambua mchele, kila mmoja na ungo wake, macho chini. Nikamuuliza swali gani lilianza kumchanganya. Akaendelea kutoa chuya kwa muda, kisha akasema, "Mama, sehemu. Tangu darasa la tano sijawahi kuzielewa sehemu." Miaka miwili mtoto amebeba hilo na hakuna aliyelijua. Kama ningemkalisha kwenye kiti tukatazamana, ningeambiwa "sijui" na mabega kupandishwa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye kijana wa umri huu ni huu: tafuteni kazi ya mikono, mkae ubavu kwa ubavu. Mchele, kufua, kuosha gari, hata foleni ya Barabara ya Mandela ndani ya daladala inafaa.

Kuhusu pasi ya kudundisha, sisi Waswahili hatuhitaji mwalimu. Kanga nzima ni pasi ya kudundisha: jina limeandikwa kwenye pindo, aliyekusudiwa analisoma, na aliyelivaa hajatamka neno. Kwa watoto njia hii inafanya kazi, ila kuna mstari wa kuchunga. Kumsimulia binti yangu jinsi nilivyodanganywa na rafiki nikiwa kidato cha pili ni kudundisha. Kusema "wapo watu humu ndani hawaoshi vyombo" mbele ya wageni ni kijembe, na kijembe kinalenga mwili, hakilengi mikono. Mtoto anaujua utofauti huo mapema kuliko tunavyodhani.

Aliyenipa moyo kwamba malezi na uandishi vinaweza kukaa kwenye karatasi moja ni Mwana Kupona binti Mshamu, wa visiwa vya Lamu, aliyemtungia bintiye utenzi mwaka 1858 naye akiwa mgonjwa. Mengi anayomfundisha juu ya utii kwa mume sikubaliani nayo, na sitamfundisha hivyo binti yangu. Lakini tazama anavyoanza. Anamwita mwanawe asogee karibu, aje na wino na karatasi. Kwanza mikono iwe tayari, ndipo maneno yafuate.

Kwenye hadithi, mpokeaji humwoni, na hapo ndipo waandishi wengi tunapopotea. Nasoma miswada ya wenzangu mara kwa mara, na ugonjwa ninaoukuta zaidi ya wote ni mwandishi kupokea pasi yake mwenyewe. Anaandika: "Asha alihuzunika mno kwa sababu mume wake alikuwa amemwacha, akajiona mpweke." Msomaji aingie wapi? Mpira umetolewa, umedakwa, umefungwa, yeye amebaki benchi. Jaribu hivi: "Asha alipakua sahani mbili. Alikula moja, ya pili akaifunika kawa." Hapo msomaji ameletewa mpira mkononi na ringi iko mbele yake. Atafunga mwenyewe, na bao atakalofunga mwenyewe ndilo atakalolikumbuka.

Lakini msije mkazidisha. Wapo wanaofikiri kuficha ndiyo sanaa, wanatupa pasi za kisogoni ambazo hata mwenzao waliyefanya naye mazoezi haioni. Hadithi ambayo msomaji mwenye akili timamu anaimaliza bila kujua nani amekufa ni mpira uliotoka nje. Kwa sheria ya kocha wangu, kosa ni la nani?

Kuna suala la saa pia. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers pointi 19 kwa 18, mechi nzima, kwa kushika mpira na kukaa nao. Watazamaji walichoka na mchezo wa namna hiyo, na mwaka 1954 NBA ikaleta saa ya sekunde 24: timu ikipata mpira, iwe imeutupa kikapuni kabla hazijaisha. Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, ndiye aliyeisukuma. Alipiga hesabu kwamba mechi nzuri ina mitupo kama 120, mechi ni dakika 48 yaani sekunde 2,880, gawanya, unapata 24. Nawapenda watu wa hesabu za namna hii.

Mwandishi hana saa juu ya ubao, ndiyo maana nchi hii ina riwaya nyingi zilizolala kwenye kompyuta zikisubiri kukamilika. Jiwekee saa. Mimi nikimaliza rasimu nampa mtu mmoja asome kabla sijaanza kuipenda kupita kiasi. Na mtu huyo asiwe mumeo. Wazazi nao tunashika mpira. Mazungumzo ya hedhi, ya miili, ya mtu mzima anayemtaka mtoto afiche siri, tunayaahirisha tukisema bado mdogo. Mtoto wa miaka tisa si mdogo kwa mazungumzo hayo. Ukingoja, atapewa mpira huo na mtu mwingine, na hujui atamrushia vipi.

Lililonichukua muda mrefu kulizoea ni hili: kwenye takwimu, asisti haihesabiwi mpaka mpokeaji afunge. Unaweza kutoa pasi safi kuliko zote za usiku ule, mwenzako akakosa peke yake chini ya ringi, na kwenye karatasi ukaandikiwa sifuri. John Stockton, mtoa pasi wa Utah Jazz, ana asisti 15,806, rekodi ya NBA ambayo haijafikiwa, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo ingebaki hewani bila mwenzake Karl Malone kumalizia. Hata hivyo wawili hao hawakutwaa ubingwa. Walifika fainali 1997 na 1998, Chicago Bulls wakawazuia mara zote mbili.

Mzazi akilielewa hilo ataacha kuwafanyia watoto kazi za nyumbani. Naijua hamu hiyo. Mtoto anahangaika na ramani ya Afrika, saa tatu usiku, mkono unakuwasha umnyang'anye penseli. Mwache akose. Mpe pasi nyingine kesho. Na mwandishi akilielewa ataacha kuwafuata wasomaji kuwaeleza alikusudia nini.

Mpaka hapa nimeongea kama vile sisi ndio watoaji siku zote. Namba moja naye hupewa mpira, na mazoezini wanatupigia kelele: "Mikono mbele!" Hujui pasi itakuja lini. Mwanangu wa pili ana miaka saba na hunisimulia katuni nzima, kuanzia wimbo wa mwanzo, na akisahau jambo anarudi nyuma kulichomeka. Kusema kweli zinachosha. Nimejizoeza kuiacha simu jikoni na kuuliza hata jina la yule paka. Muhula uliopita, jioni moja kama hizo, alifika mwisho wa katuni akaunganisha moja kwa moja, bila kituo: kuna mtoto mkubwa anamnyang'anya hela ya andazi wakati wa mapumziko, tangu walipofungua shule. Kesho yake nilimsindikiza. Mwalimu wa darasa aliwaita wote wawili, akawasikiliza kila mmoja kwa nafasi yake, na saa nne mwanangu alikula andazi lake.